Bodi, IET, IEEE au ICE: ada ya kwanza ya mhandisi iende wapi?

Ukimaliza uhandisi pale Mlimani, DIT, MUST au Chuo cha Ufundi Arusha, kabla hata cheti hakijatoka unakutana na rundo la vifupisho: ERB, IET, IEEE, ICE, ASME, ACET. Kila kimoja kina fomu yake na ada yake ya mwaka, na kila kimoja kina kaka au dada aliyekutangulia anayekuhakikishia kwamba hicho ndicho chenyewe. Wewe mshahara wako ndio wa kwanza, au bado unajitolea, na ada ya mwaka si hela ya kuchezea. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yako.

Niseme mapema ninakoegemea. Katika faida zote za kuwa kwenye chama cha wahandisi, ninayoiweka juu ni kufahamiana na waliokutangulia katika fani, watu wanaoijua kazi yako kwa kuiona, wanaoweza kukukosoa leo na kukudhamini kesho. Herufi za kuweka mbele au nyuma ya jina, majarida, punguzo la kuingia kwenye makongamano, hayo yote nayaweka chini ya hilo. Kwa hiyo kila chombo nitakipima kwanza kwa swali hili: wanachama wake utakutana nao wapi?

Bodi si chama

Tuanze na mkanganyiko unaowapata wengi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, yaani ERB, imeundwa kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1997. Kujisajili nayo hakumo kwenye orodha ya kuchagua, kwa sababu Tanzania huruhusiwi kufanya kazi ya uhandisi wala kujiita mhandisi bila kuwa kwenye daftari lake. Unaanza kama Mhandisi Mhitimu, unapanda kuwa Mhandisi Mtaalamu, na baadaye, ukitaka na ukistahili, Mhandisi Mshauri. Muhuri unaogonga kwenye michoro unatoka huko. Zabuni inayodai wahandisi waliosajiliwa inauliza namba ya Bodi, haiulizi kadi ya chama chochote.

Tofauti kubwa ni hii: Bodi ipo kwa ajili ya mwananchi anayepita juu ya daraja ulilolisanifu, ndiyo maana ina uwezo wa kukufuta kwenye daftari. Chama kipo kwa ajili yako wewe mhandisi. Wapo wanaolipa ada ya Bodi kila mwaka wakiamini wameshajiunga na "chama cha wahandisi", halafu wanashangaa mbona hawaalikwi popote. Ada ile ni ya leseni. Ya chama ni nyingine.

Ila Bodi ina jambo moja linalofanana sana na malezi ya chama, nalo ni SEAP, mpango wa mafunzo kwa wahandisi wahitimu ulioanza mwaka 2003. Kwa miaka mitatu mhitimu anafanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, anaandika kitabu cha kumbukumbu za kazi, na msimamizi anasaini. Kuna kipindi Norwei ilifadhili wahandisi wanawake kupitia mpango huo, na wengi walipata njia ya kufikia usajili wa kitaalamu ambayo pengine wasingeipata.

Kitabu hicho kinastahili kuangaliwa kwa karibu, maana hapo ndipo unaona kwa nini nasisitiza watu kuliko herufi. Chukua vijana wawili wa saiti moja, siku moja. Wa kwanza anaandika: "Nilisimamia umwagaji wa zege la msingi." Basi. Wa pili anaandika kwamba lori la pili lilipofika walipima slampu: koni ya chuma ya milimita 300 ikajazwa kwa matabaka matatu, kila tabaka likashindiliwa mara 25, koni ikainuliwa, na zege likashuka milimita 160 wakati kiwango kilichopangwa kilikuwa 75. Slampu ni kipimo cha ulaini wa zege bichi, na kushuka kupita kiasi huashiria maji mengi. Anaandika kwamba dereva alikubali kuwa maji yaliongezwa njiani, kwamba mhandisi mkazi alilirudisha lori, na kwamba sampuli za lori la kwanza zilipelekwa maabara kupimwa nguvu siku ya 7 na siku ya 28. Mbele ya jopo la usaili, wa pili ataulizwa maswali na atajibu. Wa kwanza atababaika, ingawa walisimama kwenye tope lilelile.

Huyo wa pili hakuzaliwa anajua kuandika hivyo. Alikuwa na mtu wa kumuuliza, "Slampu ilikuwa ngapi? Mlifanya nini baada ya hapo?" Kama msimamizi wako ni wa namna hiyo, umebahatika. Kama anasaini bila kusoma, na wapo, basi unahitaji kumpata mwingine nje ya ofisi yako, na hapo ndipo chama kinapoingia.

IET ya nyumbani na IEEE ya dunia

Huu ndio ulinganisho wenye uzito kwa vijana wengi, hasa wa umeme, elektroniki, mawasiliano na kompyuta.

Kwanza tahadhari. IET ninayoizungumzia ni Taasisi ya Wahandisi Tanzania. Ipo IET nyingine ya Uingereza, iliyopata jina hilo mwaka 2006 baada ya vyama viwili kuungana, na asili yake ni ya mwaka 1871, enzi za telegrafu. Ukitafuta mtandaoni, ya Uingereza ndiyo itakayotangulia mara nyingi. Hakikisha unajaza fomu ya unayoitaka.

IET yetu inapokea wahandisi wa fani zote: majengo, mitambo, umeme, kemikali, maji, madini, kilimo. Faida yake kubwa iko katika huko kuchanganyika. Katika mkutano mmoja mhandisi wa barabara anaketi na mhandisi wa umeme, wa kiwanda anakaa na wa halmashauri. Kazi kubwa za nchi hii hazifuati mipaka ya idara za chuo. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 ni kazi ya zege, ya miamba, ya mitambo na ya umeme kwa pamoja, na aliyejifunza kusikiliza lugha ya fani jirani mapema huwa mtu wa maana sana kwenye mradi wa namna hiyo. Wakati wa mapumziko ya chai unaweza kumwendea mhandisi mwenye nywele za mvi, ukamwamkia, ukamwambia unafanya nini na umekwama wapi. Kwa uzoefu wangu wengi wao wanafurahi kuulizwa. Hata walio wakali ukiwakuta ofisini, kwenye mkutano wa chama wanakuwa walimu.

IEEE, taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki, ni kitu tofauti kabisa. Ilizaliwa mwaka 1963 kwa kuungana kwa vyama viwili vya Marekani, kimoja cha umeme cha mwaka 1884 na kingine cha redio cha mwaka 1912, na leo ina wanachama zaidi ya 400,000 duniani. Sisi tumo katika Kanda ya 8, pamoja na Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika nzima. Nguvu ya IEEE ni maarifa na viwango. Wi-Fi inayokuwezesha kusoma haya inafuata kiwango cha IEEE 802.11, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1997. Ukiwa kwenye fani hiyo, unajiunga na watu wanaoandika kanuni ambazo wengine wote wanazifuata.

Hapa lazima niseme wazi jambo linalowakatisha tamaa wanachama wapya. Uanachama wa kawaida wa IEEE haukufungulii yote yaliyomo kwenye Xplore, maktaba yake ya mtandaoni. Unapata jarida la Spectrum, unapata bei nafuu ya makongamano na ya vyama vidogo vya fani ndani yake, lakini makala za kitaalamu unazilipia kwa mpango mwingine. Kabla hujalipa kwa sababu ya makala, nenda kwa mkutubi wa chuo chako uulize maktaba imelipia nini. Mara nyingi mwanafunzi anayo njia tayari na haijui.

Kwa mwanafunzi, hata hivyo, IEEE ninaipendekeza kwa moyo wote, na sababu si makala. Ada ya mwanafunzi ni ndogo ukilinganisha na ya mwanachama kamili, na kwa nchi zenye kipato cha chini upo uanachama wa kielektroniki wenye ada iliyopunguzwa. Kubwa zaidi ni matawi ya wanafunzi vyuoni. Kijana wa mwaka wa pili anayeandaa semina, akaandika barua ya kumwalika mhandisi wa kampuni ya simu, akatafuta projekta, akasimama kumtambulisha mgeni, anapata mazoezi ambayo hakuna somo linalompa. Mgeni yule naye analikumbuka jina lake nafasi ya mafunzo kwa vitendo ikipatikana.

Nikiwekewa vyote viwili mezani, jibu langu linategemea uko wapi kwenye safari. Ukiwa chuoni na unasoma umeme au kompyuta, IEEE kwanza. Ukishaanza kazi Tanzania, IET kwanza, na IEEE endelea nayo kama kazi yako inakutana na viwango vyake kila wiki. Mhandisi wa majengo au wa maji hana sababu kubwa ya kuwa IEEE. Nimewahi kuona wasifu wa mhandisi wa majengo aliyeiandika juu kabisa, na anayeajiri anabaki kujiuliza imekujaje.

Kwa wadada niongeze neno. IET ina kitengo cha wahandisi wanawake, na IEEE ina kundi la Wanawake katika Uhandisi. La IEEE ni pana na lina mikutano mingi mtandaoni. Kwenye la IET ndiko utakakokutana na dada aliyesimamia saiti akiwa mjamzito, na atakueleza alivyopanga majukumu yake na alivyozungumza na mwajiri. Maarifa ya aina hiyo hayachapishwi kwenye jarida.

Herufi za Uingereza

Taasisi ya Wahandisi Ujenzi ya London, ICE, ilianzishwa tarehe 2 Januari 1818 na kikundi kidogo cha vijana waliokutana kwenye mgahawa wa kahawa mtaa wa Fleet. Walikuwa wanataka tu kufundishana. Miaka miwili ya mwanzo chama kilisuasua, mpaka mwaka 1820 walipomwomba Thomas Telford, mjenzi mashuhuri wa barabara na madaraja, awe rais wao. Mwaka 1828 kikapata hati ya mfalme. Naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha mpangilio uleule: vijana wana ari, mzee ana uzoefu na jina, wakikutana chama kinasimama.

Leo watu wanaitafuta ICE, au IMechE ya wahandisi mitambo iliyoanza mwaka 1847, kwa ajili ya cheo cha Chartered Engineer, kwa kifupi CEng. Ukilinganisha na usajili wetu, CEng inafahamika zaidi kwa kampuni za kimataifa, hasa huko Ghuba na kwenye kampuni kubwa za ushauri. Kwa anayetaka kufanya kazi Doha au Dubai, au aliye tayari kwenye kampuni ya ushauri ya Uingereza yenye ofisi Dar es Salaam, ni lengo linaloeleweka.

Ila tazama gharama yake. Ada ni kwa pauni. Kiwango cha elimu kinachotakiwa ni cha shahada ya uzamili au kinacholingana nacho. Shahada zilizoidhinishwa na nchi zilizomo katika Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989, yale ya kutambuana shahada za uhandisi, hupita kwa urahisi zaidi, na Afrika Kusini imo tangu mwaka 1999. Shahada isiyokuwa kwenye orodha hupimwa moja moja, na unaweza kutakiwa uongeze masomo au uandike ripoti ya ziada. Halafu unahitaji wadhamini wanaokufahamu. Kijana aliye Singida bila mwanachama hata mmoja wa ICE karibu yake atalipa kwa miaka mingi akiwa kwenye daraja la chini, bila kusogea. Kwa hali hiyo ushauri wangu ni kusubiri. Pata kwanza Mhandisi Mtaalamu hapa, kusanya ripoti zako vizuri, kisha ombi la CEng utalipeleka ukiwa na kazi za kuonyesha. Ripoti uliyoiandikia Bodi kwa umakini itakufaa tena huko.

Kwa watu wa mitambo kuna ASME ya Marekani, ya mwaka 1880. Mwaka 1905 boila ililipuka kwenye kiwanda cha viatu huko Brockton, Massachusetts, na watu 58 wakafa. Baada ya ajali za namna hiyo ASME ilitunga kanuni za boila, na toleo lake la kwanza likachapishwa mwaka 1915. Kanuni hizo bado zinahuishwa na kutumika duniani kote, hivyo ukifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari au cha bia, kuna uwezekano mkubwa utakutana nazo kwenye hati za mtambo. Ukiwa na kazi ya boila na mitungi ya mgandamizo, uanachama wa ASME una mantiki. Ukiwa kwenye viyoyozi vya majengo ya ofisi, hautakusaidia sana.

ACET nitaipita haraka. Ni chama cha wahandisi washauri, kimo katika FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, lenye mikataba tunayoitumia kwenye miradi ya barabara. Ni mahali pa kampuni za ushauri. Mhitimu ainufaikie kupitia kampuni anayofanyia kazi, asiitafute mwenyewe.

Ukivuka Namanga

Kenya mambo yamepangwa tofauti, na ni vizuri kuyajua kama unafikiria soko la Afrika Mashariki. Huko Bodi ni EBK na chama ni IEK, na Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 imevifunga pamoja: ili usajiliwe kuwa mhandisi mtaalamu unatakiwa uwe mwanachama kamili wa IEK. Mkenya basi hana swali la kujiunga au kutojiunga. Swali lake ni atashiriki kwa kiasi gani.

Kila mpango una uzuri wake. Wa Kenya unakipa chama wanachama wengi na sauti kubwa serikalini. Wa kwetu unakiacha chama kivute watu kwa faida zake, hivyo aliyemo ameingia kwa hiari. Binafsi naupenda wa kwetu, ingawa nakiri unafanya wahandisi wengi wazuri wabaki nje, na chama kinakosa michango yao wakati sheria inayowahusu inajadiliwa.

Kuhusu kufanya kazi ng'ambo ya mpaka, mwaka 2012 Tanzania, Kenya na Uganda zilitia saini makubaliano ya kutambuana wahandisi, na Rwanda ikajiunga baadaye. Makubaliano hayo ni kati ya mamlaka za usajili, na yanamhusu mhandisi mtaalamu. Kadi ya IEEE au ya IET haikuvushi hapo. Ndiyo sababu nyingine ya kutokaa kwenye daraja la Mhitimu miaka kumi, kama wengi wanavyofanya kwa kuahirisha tu.

Kwa hali yako wewe

Uko mwaka wa tatu, umeme au kompyuta, hela ya kuunga kwa bumu: IEEE ya mwanafunzi, na ugombee nafasi kwenye tawi. Kama chuo chako hakina tawi, kusanya wenzako na mhadhiri mmoja mlianzishe.

Umemaliza mwaka huu, fani yoyote, bado unatafuta kazi: Bodi kwa daraja la Mhitimu, na IET kwa daraja la mhitimu. Kwenye mkutano wa IET nenda na swali la kiufundi mkononi, usiende na bahasha ya wasifu. Mtu anayekumbuka swali lako zuri atakuuliza mwenyewe uko wapi sasa hivi.

Una miaka mitano kazini, umeshakuwa Mtaalamu, kampuni yako inafanya kazi na wageni: hapo ndipo ICE, IMechE au IET ya Uingereza inapostahili pauni zako, mradi mwajiri achangie na kuwe na angalau mtu mmoja ofisini aliyepitia njia hiyo.

Na kuna mhandisi ninayemfikiria kuliko wote: yule wa RUWASA (maji vijijini) au TARURA (barabara za vijijini na mijini) aliye peke yake wilayani, Namtumbo au wilaya ya Tanganyika kule Katavi, asiye na mhandisi mwenzake wa kumuuliza ndani ya kilomita mia. Yeye ndiye anayehitaji chama zaidi na ndiye anayefikiwa kwa shida zaidi. Kwake IET ni bora kuliko chochote cha nje, kwa sababu wanachama wake wanavijua visima virefu vya huko, udongo wa huko na wakandarasi wa huko, na swali analouliza kwa simu jioni litajibiwa na mtu aliyewahi kusimama mahali kama hapo. Ahudhurie mkutano mkuu mmoja kwa mwaka, achukue namba za watu watatu wa fani yake, na awapigie. Ada na nauli aziombe kwenye fungu la mafunzo la ofisi, kwa barua inayotaja tarehe za mkutano na mada atakayoirudisha kuwafundisha mafundi sanifu wake, na barua hiyo ifike kabla bajeti inayoanza Julai haijafungwa.